Kwa Baiskeli hadi Bagamoyo: Tulivyojifunza Kufika Wote

Mpenzi msomaji, je, unakumbuka mara ya mwisho ulipopanda baiskeli? Siulizi habari za kubebwa nyuma kwenye karia, umekaa upande mmoja na kapu mapajani. Nauliza ulipoiendesha mwenyewe. Mimi nilipoulizwa swali hilo mwezi Juni mwaka 2023 nilihesabu miaka nikakuta imepita 32. Nilikuwa msichana wa miaka 12, nikitumwa mashineni kusaga mahindi kwa baiskeli ya baba, Phoenix nyeusi. Kiti sikukifikia, kwa hiyo niliiendesha kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la juu, mwili umepinda upande. Tangu hapo nimeolewa, nimezaa watoto wanne, na kupanda ngazi tu kulikuwa kunanihemesha.

Aliyeuliza swali hilo ni jirani yetu, fundi cherehani, katika kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Bunju, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Tulikuwa tumemaliza hesabu na tunakunywa chai. Ndipo alipotueleza kwa mara ya kwanza habari za mdogo wake.

Mdogo wake huyo alishikwa na uchungu kijijini akiwa na miaka 19. Alikaa na uchungu siku tatu. Hospitali ilikuwa mbali, na usafiri ulipopatikana mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Yeye mwenyewe alipona, lakini akabaki anavuja mkojo mchana na usiku. Mumewe alimrudisha kwa wazazi. Wanakijiji walisema amerogwa. Alikaa hivyo miaka sita, akilala kwenye kibanda cha peke yake, kabla ya dada yake kusikia kwamba ugonjwa huo una jina na una tiba.

Ugonjwa huo ni fistula ya uzazi. Mtoto anapokwama njiani kwa muda mrefu, kichwa chake hukandamiza nyama laini kati ya uke na kibofu, na wakati mwingine kati ya uke na njia ya haja kubwa. Damu haifiki sehemu hiyo, nyama hufa, na panabaki tundu. Si uchawi wala si adhabu. Wengi hupona kwa upasuaji, na hapa nchini zipo hospitali zinazoufanya bila malipo.

"Matibabu yalikuwa bure," alisema jirani yetu. "Alichokosa mdogo wangu ni mtu wa kumwambia, na nauli ya basi."

Jambo hilo la nauli si dogo. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ililiona, na mwaka 2009 ilianza kuwatumia wagonjwa wa fistula nauli kwa njia ya simu ya mkononi ili waweze kusafiri. Jirani yetu alitaka nasi tuchangishe nauli kwa ajili ya wanawake wa namna hiyo. Na alikuwa na wazo la kufanya hivyo.

"Tukipita tukiomba, watu watatupa mia mbili mbili na kutusahau," alisema. "Tuwaambie tutakwenda Bagamoyo kwa baiskeli na kurudi siku hiyo hiyo. Mtu aahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Wakiona jasho letu, watatoa."

Tulicheka sana. Kutoka Bunju hadi Bagamoyo na kurudi ni yapata kilomita 70. Lakini hakucheka yeye, na polepole nasi tukanyamaza. Jioni ile walijiandikisha wanawake 11. Katika makala haya nataka kukueleza jinsi tulivyojiandaa kwa majuma 12, na kosa tulilolifanya katikati ya mazoezi ambalo nusura livunje safari yote.

HOFU TULIZOANZA NAZO

Hofu ya kwanza ilikuwa umri. Katika sisi 11, mdogo alikuwa na miaka 29 na mkubwa 56. Nikakumbuka habari za Frances Willard, Mmarekani aliyekuwa kiongozi mashuhuri wa umoja wa wanawake wa kupinga ulevi. Alijifunza baiskeli akiwa na miaka 53, afya yake ikiwa si nzuri, baada ya kufiwa na mama yake. Alianza kwa kushikiliwa na watu, akajizoeza kidogo kidogo kila siku, na mwaka 1895 akatoa kitabu kidogo kuhusu jambo hilo. Baiskeli yake hata aliipa jina, Gladys. Ikiwa yeye aliweza akiwa amevaa sketi ndefu za wakati ule, sisi tulikuwa na udhuru gani?

Hofu ya pili ilikuwa maneno ya watu. Mama mtu mzima kuonekana barabarani juu ya baiskeli, watasemaje? Walisema, kweli. Siku ya kwanza katika uwanja wa shule nilianguka mbele ya vijana waliokuwa wakicheza mpira, nao wakapiga makofi. Juma la tatu wale wale walikuwa wakitusaidia kujaza upepo.

Hofu ya tatu ilikuwa nyumbani. Mume wangu hakukataa, lakini alisema, "Mama, ukivunjika mguu, nyumba hii itaendeshwa na nani?" Sikumjibu kwa ukali. Nilimwomba aje Jumamosi moja atazame. Alikuja, akatazama dakika tano, kisha akaenda kuazima spana. "Kiti chako kiko chini mno," alisema. "Ndiyo maana magoti yanakuuma." Tangu siku hiyo akawa fundi wetu. Wazo langu ni hili: usimfiche mwenzako jambo la namna hii, wala usimtake alikubali kwa siku moja. Mpe nafasi ya kulishiriki.

BAISKELI IKUFAE WEWE

Hatukuwa na fedha za kununua baiskeli mpya. Tulitumia zilizokuwapo: za waume, za vijana, na tatu za kukodi. Muhimu ni baiskeli imfae mwendeshaji. Namna rahisi ya kupima kiti ni hii: kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukiendesha kwa kukanyaga na sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo penye nguvu. Kiti kikiwa chini, magoti huuma; kikiwa juu mno, kiuno huuma.

Kila Ijumaa jioni tulikagua vitu vinne: breki zote mbili, upepo wa matairi, mnyororo uliopakwa mafuta, na nati za magurudumu. Kila mmoja alifundishwa kuziba pancha mwenyewe: kutoa mpira wa ndani, kuusikiliza au kuutumbukiza majini, kukwangua, kupaka gundi, kusubiri ikauke, na kubandika kiraka. Wengine walilalamika kwamba hiyo ni kazi ya mafundi wa kando ya barabara. Lakini kati ya kijiji na kijiji fundi hayupo.

MWILI HAUKURUPUSHWI

Mmoja wetu ni muuguzi, na ndiye aliyepanga mazoezi. Kwanza alipima kila mtu shinikizo la damu. Mwenzetu mmoja alikutwa liko juu bila mwenyewe kujua, akatumwa kwa daktari, akaanza dawa, na baada ya juma moja daktari akamruhusu aendelee taratibu. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au pumu, aliye mjamzito, au aliyejifungua ama kupasuliwa karibuni, asianze kabla ya kumwona daktari. Na mtu yeyote akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, ashuke mara moja.

Tulifanya mazoezi mara tatu kwa juma. Siku mbili za katikati ya juma zilikuwa za nusu saa tu, alfajiri kabla ya watoto kwenda shule. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwendo mrefu. Mpango wetu wa Jumamosi ulikuwa hivi:

Juma la 1: kilomita 5
Juma la 2: kilomita 8
Juma la 3: kilomita 12
Juma la 4: kilomita 8, kupumzisha mwili
Juma la 5: kilomita 15
Juma la 6: kilomita 20
Juma la 7: kilomita 25
Juma la 8: kilomita 30
Juma la 9: kilomita 20, kupumzisha mwili
Juma la 10: kilomita 40
Juma la 11: kilomita 50
Juma la 12: mizunguko mifupi tu, isiyozidi kilomita 10

Utaona kwamba hatukufika kilomita 70 mazoezini. Muuguzi alituambia kuwa anayeweza 50 bila kuumia ataweza 70 akila vizuri, akinywa maji, na akiwa na wenzake. Utaona pia majuma ya kupumzika. Hayo msiyaruke. Mwili hupata nguvu wakati wa kupumzika baada ya kazi, si wakati wa kazi yenyewe.

Jinsi ya kujua kama unakwenda kasi mno ni rahisi: zungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, mwendo wako ni sawa. Ukishindwa, punguza. Kwenye kilima, wenye baiskeli za gia wabadili kwenda gia nyepesi kabla ya kuanza kupanda, wasingoje wakwame katikati. Wasio na gia washuke wasukume. Si aibu.

MAVAZI NA CHAKULA

Tulivaa suruali za mazoezi zisizobana na mashati marefu yanayofika mapajani. Jirani yetu fundi ndiye aliyeyashona. Khanga tuliziacha nyumbani, maana khanga moja ilinaswa na mnyororo juma la kwanza na kumwangusha mwenyewe. Kwa wanaochubuka, tumieni nguo ya ndani ya pamba isiyo na mshono mnene na kupaka mafuta mazito mahali panaposuguana. Makalio yatauma majuma mawili ya kwanza. Yatazoea. Kila mmoja alivaa kofia ngumu na kizibao chenye kung'aa.

Chakula hakikuwa cha ajabu. Usiku wa kuamkia mwendo mrefu tulikula ugali au wali na maharage. Asubuhi, saa moja kabla ya kuondoka, uji na kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha. Njiani, kila baada ya dakika 45 hivi, ndizi mbivu, tende au karanga, kabla njaa haijauma. Maji tulikunywa kama nusu lita kwa saa, kidogo kidogo. Siku za jua kali tulichanganya maji safi na salama lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya usawa, visivyojazwa kilima. Ni mchanganyiko ule ule tunaowapa watoto wanaoharisha.

JUMAMOSI TULIYOKOSEA

Sasa nije kwenye kosa letu. Ilikuwa juma la nane, kilomita 30. Tulivuka mto Mpiji, tukapita Mapinga, tukafika Kerege na kuongeza kidogo ndipo tukageuka. Kufikia wakati huo baadhi yetu tulikuwa tumepata nguvu na raha ya mwendo. Mimi nilikuwa mmojawapo. Yule mama aliyehema kwenye ngazi sasa alikuwa mbele, upepo usoni, na niseme ukweli, nilijisikia vizuri sana. Muuguzi alinipita, nami nikamfuata. Wengine wakatufuata sisi. Kikundi kikavutika kama mpira, kisha kikakatika.

Tulifika Bunju, tukashangilia, tukaagiza chai na chapati. Ilipita karibu saa nzima kabla mtu hajauliza, "Jirani fundi yuko wapi?" Kila mmoja alidhani yuko na mwenzake. Tulipiga simu, haikupatikana.

Alikuwa amepata pancha kati ya Kerege na Mapinga. Alikuwa wa mwisho kama kawaida yake, kwa kuwa ana mguu mmoja uliowahi kuvunjika. Alijua kuziba, lakini gundi na pampu vilikuwa katika mkoba wangu. Simu yake iliishiwa chaji. Alisukuma baiskeli kwa miguu kwenye jua, malori yakimpita, hadi kijana mmoja wa bodaboda alipomwonea huruma. Alipofika tulikuwa bado mezani. Hakupiga kelele. Aliegemeza baiskeli ukutani, akatutazama, akauliza:

"Hivi ninyi mlikuwa mnakwenda kumsaidia nani?"

Kisha akaenda zake.

Jumanne hakuja mazoezini. Alhamisi hakuja. Watu wakaanza kusema labda safari tuiahirishe. Fikiria, mpenzi msomaji: safari yote ilitokana na machozi yake, nasi ndiye tuliyemwacha barabarani.

Ijumaa mimi na mwenyekiti wa kikundi tulikwenda kwake. Alikuwa akishona, na hakusimamisha cherehani. Niliomba radhi. Nilisema mimi ndiye niliyekuwa na pampu, na mimi ndiye niliyekimbia. Sikutafuta kisingizio, ingawa njiani nilikuwa nimetunga vitatu. Alishona mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi, ndipo akasema:

"Mdogo wangu hakuachwa na watu wabaya, dada. Mkunga wa kijiji alidhani mume anatafuta gari. Mume alidhani baba anatafuta gari. Baba alidhani wanawake wanajua la kufanya. Kila mmoja alidhani mwingine anamwangalia."

Hatukuwa na la kujibu. Baada ya muda alitupa kikombe cha chai, na hapo tukajua kwamba atarudi. Lakini alirudi na masharti.

SHERIA ZETU MPYA

Kuanzia Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa sheria hizi, na ninazipendekeza kwa kikundi chochote:

Kwanza, aliye mzito kuliko wote ndiye anayepanga mwendo. Alikaa wa pili katika mstari, na aliyekuwa mbele yake alimsikiliza yeye. Akisema "punguza," kikundi kizima hupunguza.

Pili, mwenye nguvu kuliko wote hukaa nyuma kabisa. Yeye ndiye mwenye pampu, gundi na viraka, na haruhusiwi kumpita mtu yeyote. Nafasi hiyo nilipewa mimi.

Tatu, kila mmoja ana mwenzake, naye humwangalia kila baada ya dakika chache. Tulijipanga wawili wawili, na kundi moja likawa la watatu.

Nne, kila tunaposimama tunahesabu kwa sauti, moja hadi kumi na moja. Hakuna anayekunywa maji kabla ya hesabu kutimia.

Tano, barabarani tunakwenda mstari mmoja, upande wa kushoto, tukiachiana nafasi ya urefu wa baiskeli moja na nusu hivi. Wa mbele akiona shimo hupaza sauti "Shimo!", na neno hupokewa hadi nyuma. Wa nyuma akisikia gari kubwa hupaza sauti "Gari!" Hakuna anayefunga breki ghafla bila kusema.

Mstari huo una faida nyingine. Mtu aliye mbele hukata upepo, na anayemfuata karibu huokoa nguvu nyingi, pengine hata robo. Kwa hiyo tulijifunza kubadilishana zamu za mbele kila dakika tano, ili asichoke mmoja.

Nilidhani mwendo huo wa polepole ungenichosha kwa uvivu. Haikuwa hivyo. Kwa mara ya kwanza niliwaona wenzangu wakiendesha: nani anakunja bega la kulia, nani anasahau kunywa maji, nani ana mawazo siku hiyo. Nikiwa mbele nilikuwa sioni mtu.

FEDHA ZA WATU

Wengi hudhani kazi ya safari ya hisani ni kuendesha tu. Fedha zinahitaji maandalizi kama miguu. Tulitengeneza kadi za ahadi: jina, kiasi kwa kilomita, na sahihi. Aliyeahidi shilingi 100 kwa kilomita alijua kwamba tukimaliza kilomita 70 atatoa shilingi 7,000. Ni kiasi ambacho hata muuza mboga aliweza kuahidi, na walioahidi walikuwa wengi.

Tuliamua tangu mwanzo kwamba gharama zetu, yaani maji, gundi, chakula na mafuta ya gari la kutufuata, tutazilipa mifukoni mwetu. Mchango wa watu usiguswe. Mtunza fedha alikuwa mmoja, mwenye vitabu mwingine, na kila aliyetoa alipewa stakabadhi. Kabla ya yote tulizungumza na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, tukaelezwa jinsi nauli zinavyotumwa na kuthibitishwa. Ni vizuri kuuliza kwanza anayepokea anahitaji nini. Sisi tulikuwa tumefikiria kununua khanga na sabuni. Tukaambiwa nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji wake ndiyo inayokwamisha. Pia tuliwaarifu polisi wa usalama barabarani juu ya siku na njia yetu.

SIKU YA SAFARI

Tuliondoka Jumamosi ya mwanzo wa Septemba, saa 12:30 asubuhi, mara kulipopambazuka. Mume wangu aliendesha gari dogo la mizigo nyuma yetu. Upepo wa kusi ulikuwa ukitusukuma mgongoni, na Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo zilipita kama mchezo. Watoto walikimbia kando wakipiga kelele, "Bibi baiskeli! Bibi baiskeli!" Saa 3:15 tulikuwa Bagamoyo, tumehesabu hadi kumi na moja.

Tulipumzika chini ya miembe karibu na misheni ya zamani, iliyoanzishwa mwaka 1868. Mwalimu katika kikundi chetu alitukumbusha kuwa mahali hapo ndipo Chuma, Susi na wenzao walipoufikisha mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874, baada ya kuubeba miezi mingi kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. "Nao walikwenda kwa mwendo wa kikundi," alisema, nasi tukainuka tukiwa na aibu ya kulalamikia magoti.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Upepo ule ule uliotusukuma sasa ulikuwa usoni. Jua lilipanda. Baada ya Zinga tulikuwa tukienda polepole mno, tukibadilishana mbele kila dakika tatu. Na karibu na Kerege, msomaji wangu, aliyeishiwa nguvu nilikuwa mimi. Msuli wa mguu ulinibana kama jiwe. Sikuwa nimekunywa maji ya kutosha. Nilikuwa nikiwakumbusha wenzangu na kujisahau. Nilijaribu kunyamaza ili nisiwacheleweshe. Lakini mwenzangu wa zamu aligeuka, akaniona uso, akapaza sauti, na neno likapokelewa hadi mbele.

Mstari wote ulisimama. Jirani fundi alirudi nyuma akisukuma baiskeli yake. Hakusema lolote juu ya ile Jumamosi. Alininyoosha mguu, akanikanda, akanipa maji yenye chumvi na sukari. Nilimwambia nitapanda gari, wao waendelee.

"Gari lipo ukishindwa," alisema. "Kwanza jaribu. Polepole, dada. Tupo."

Walinihamisha nikakaa wa pili katika mstari, mahali pake, yeye akakaa nyuma yangu. Mwendo wote wa kutoka pale mpaka Bunju niliupanga mimi, na ulikuwa mwendo wa aibu. Hakuna aliyenipita. Saa 7:40 mchana tuliingia uwanja wa shule tulipoanzia mazoezi, na vijana wa mpira wakasimamisha mchezo. Tulihesabu kwa sauti. Ilipofika kumi na moja, sauti yake ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Ahadi karibu zote zililipwa ndani ya majuma mawili. Zilitosha nauli za kwenda na kurudi za wanawake tisa na wasindikizaji wao. Hatuwajui majina, wala hatukutaka kujulishwa.

Mpenzi msomaji, pengine huko uliko hakuna Bagamoyo, lakini kuna mahali pa kilomita chache ambapo kikundi chako kinaweza kuanzia. Anzeni na kilomita tano, na mwenye mwendo mzito awe wa pili katika mstari tangu siku ya kwanza. Msingoje mkosee kama sisi. Na ukimfahamu mwanamke anayevuja mkojo tangu alipojifungua, hata kama imepita miaka 20, usidhani kuna mwingine aliyemwambia. Mwambie wewe kwamba huo ni ugonjwa, na una tiba. Kisha mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, ukae naye mpaka ajue basi lake linaondoka lini.